Miaka Minne ya Sayansi na Uhandisi wa Kompyuta: Tathmini Yangu Baada ya Kuitumia Kazini

Kozi hii niliilipia kwa miaka minne ya ujana wangu, kwa hiyo naona nina haki ya kuitathmini kama mtu anavyotathmini huduma yoyote aliyoigharamia. Nimesubiri makusudi. Ningeandika mwaka wa pili ningeilaani, na ningeandika siku ya mahafali ningeisifu kupita kiasi kwa furaha ya kumaliza. Sasa nina miaka sita kazini. Naandika programu zinazokaa ndani ya mita za maji, vile vifaa vinavyohesabu lita na kutuma hesabu kwa redio, na ndiyo maana leo naweza kusema ni somo lipi linanilisha na lipi lilinipotezea muda.

Hukumu yangu naitoa mapema: ni bidhaa bora sana iliyowekwa kwenye kifungashio kibovu. Masomo niliyoyaona hayana kazi ndiyo ninayoyatumia kila wiki. Yale niliyoyakimbilia kwa hamu, hasa ya kutengeneza tovuti kwa zana iliyokuwa ikivuma wakati ule, yamekwisha kuchakaa.

Wengi huingia wakidhani watafundishwa kuunda programu za simu. Watasikitika. Jina la kozi lina pande mbili na zote mbili zina maana. Sayansi ya kompyuta inauliza ni jambo gani linaweza kukokotolewa, na kwa gharama gani ya muda na kumbukumbu. Uhandisi wa kompyuta unauliza utalijengaje jambo hilo kwa umeme, saketi na kichakataji, yaani kile kipande kinachotekeleza maagizo ya programu. Ukichukua upande wa kwanza peke yake utajua mengi kuhusu algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo, bila kujua kinachotokea chini ya kibodi yako. Ukichukua wa pili peke yake utajua volti lakini utaandika programu inayochukua saa nzima kwa kazi ya sekunde tatu. Kozi hii inazishona pande hizo mbili, na mshono wenyewe ndio ulionivutia, ingawa nilichelewa kuuona.

Nilichelewa kwa sababu muhula wa kwanza ulikuwa hisabati tupu. Kalkulasi, matriki, na hisabati ya mantiki na seti. Jaribio la kwanza la mantiki nilipata 38 kwa 100, nikakaa kwenye ngazi za jengo la mihadhara nikijiuliza nimefuata nini. Kilichonishinda ni kuthibitisha kwa hatua: unaonyesha kwamba kauli inashika kwa namba ya kwanza, kisha unaonyesha kwamba ikishika kwa namba yoyote itashika pia kwa inayofuata. Nilikuwa nanakili mpangilio wa uthibitisho bila kuuelewa. Miezi minne baadaye, kwenye somo la programu, tulifundishwa kazi inayojiita yenyewe, yaani kipande cha programu kinachojitumia chenyewe ndani yake, nikaona ni kitu kilekile kimevaa nguo nyingine. Hakuna mtu aliyetuambia. Wahadhiri wawili walifundisha jambo moja katika majengo mawili, na hakuna hata mmoja aliyemtaja mwenzake. Hilo ni kosa la ufundishaji, na ni kosa lililojirudia miaka yote minne.

Kalkulasi nisiipe nafasi kubwa. Niliitumia kwenye somo la mawimbi na ishara, na kidogo kwenye somo la kompyuta kujifunza kutokana na data. Ivumilie.

Sasa lugha ya C. Dennis Ritchie aliiunda katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo programu za mita ninazoandika ni za C. Ndani ya C kuna kitu kinaitwa pointa, yaani kigezo ambacho hakibebi thamani yenyewe bali anwani ya mahali thamani ilipo kwenye kumbukumbu. Kwa maneno ni rahisi. Kwa mikono, wengi wa wenzangu waliishia hapo. Unaandika programu, inakubaliwa na kompaila (programu inayotafsiri ulichoandika kuwa lugha ya mashine), unaiendesha, inakufa papo hapo na ujumbe mmoja mfupi kwamba umegusa kumbukumbu isiyo yako. Mahali gani? Haisemi. Nilikesha siku mbili na zoezi la kuunganisha orodha mbili, nikabadilisha alama hapa na pale kwa kubahatisha, mpaka msaidizi mmoja wa maabara akasimama nyuma yangu akaniambia, "Acha kibodi. Chora visanduku." Nikachora visanduku na mishale kwenye karatasi, na ndani ya dakika kumi nikaona mshale mmoja unaoelekea kwenye kisanduku nilichokuwa nimeshakifuta. Mpaka leo kwenye meza yangu ya kazi kuna daftari la visanduku. Kama ningelazimika kuchagua dakika kumi za thamani kuliko zote katika miaka minne, ni hizo, na hazikuwa sehemu ya mhadhara wowote.

Maabara ya saketi za kidijitali ndiyo iliyonifanya niipende kozi. Unapewa ubao wa matundu wa kuunganishia waya, geti za mantiki (saketi ndogo zinazotoa 0 au 1 kulingana na kinachoingia), rezista, kapasita na taa ndogo za LED. Kazi ya wiki ya nne ilikuwa ndogo kabisa: jenga kihesabu kinachopanda kwa moja kila ukibonyeza kitufe. Nilijenga, nikabonyeza mara moja, kikaonyesha 5. Nikabonyeza tena, kikaruka hadi 8. Nilikagua waya zote, nikabadilisha geti, nikashuku betri. Nilipopata zamu ya osiloskopu, kifaa kinachochora mabadiliko ya umeme kwenye kioo, ndipo nikaona kwenye kioo kwamba kitufe hakifungi mara moja. Vipande viwili vya chuma vikikutana vinadunda kama mpira uliodondoshwa sakafuni, mara kadhaa ndani ya milisekunde chache, na kwa saketi yenye kasi kila mdundo ni bonyezo jipya. Dawa yake ni kapasita ya kulainisha mawimbi hayo, au programu inayosubiri kidogo kisha kusoma tena kabla ya kuamini.

Niliandika ripoti, nikapata alama nzuri, nikasahau. Mwaka wangu wa pili kazini tukapata malalamiko ya mita zinazohesabu maji mengi kuliko yaliyopita. Ndani ya mita za aina ile kuna sumaku inayozunguka na maji, na kila mzunguko hufunga swichi ndogo iliyo ndani ya kibomba cha kioo. Swichi ni vyuma viwili. Wenzangu walikuwa wameshaanza kuchunguza redio na seva. Nilichukua mita moja, nikaiunganisha na osiloskopu, na picha niliyoiona ilikuwa ileile ya wiki ya nne. Mwenye mita alikuwa anatozwa kwa midundo ya chuma. Hili lilinigusa sana, kwa sababu hesabu ile ni fedha ya mtu, na mtu huyo hana njia yoyote ya kuona ndani ya kifaa na kujitetea. Marekebisho yalikuwa mistari michache tu ya programu, ila hesabu ya muda wa kusubiri ilitaka umakini: ukisubiri kidogo mno midundo inapita, ukisubiri mno unakosa mzunguko halisi maji yanapokwenda kwa kasi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza maabara ya vitufe na taa ina faida gani zama hizi, jibu ni mita ile.

Somo la muundo wa kompyuta lilikuwa gumu, na ndilo nililolifurahia kuliko yote. Tulianzia kwenye transista moja, yaani swichi ndogo ya umeme, tukajenga geti, kutoka geti tukajenga kijumlishi, kutoka kijumlishi tukajenga kichakataji kidogo cha kuiga ndani ya programu. Mhadhiri alituonyesha picha ya Intel 4004 ya mwaka 1971, kichakataji cha biti nne (biti ni tarakimu moja, 0 au 1) chenye transista 2,300, na kwa mara ya kwanza nikaamini kwamba mtu anaweza kukielewa kichakataji chote, kipande kwa kipande. Vya leo vina mabilioni na hakuna anayeweza kuvibeba vyote kichwani, lakini misingi ni ileile.

Kwenye somo hilo kulikuwa na zoezi ninalowapa vijana wanaojiunga na kazi yetu. Chukua jedwali kubwa la namba, jumlisha zote ukipita mstari kwa mstari, upime muda. Kisha jumlisha namba zilezile ukipita safu kwa safu kutoka juu kwenda chini. Jibu ni lilelile, idadi ya kujumlisha ni ileile, lakini ukiandika kwa C njia ya pili inachukua muda mara kadhaa zaidi. Sababu ni kwamba C hupanga jedwali kwenye kumbukumbu mstari baada ya mstari, na kichakataji hakichoti namba moja moja. Huchota fungu la namba zilizopakana na kuliweka kwenye kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu naye, iitwayo kache. Ukipita safu kwa safu unachota fungu zima, unatumia namba moja, unalitupa. Hakuna kozi fupi ya kuandika programu niliyowahi kukutana nayo inayokufikisha hapo.

Kwenye mifumo endeshi, programu kuu zinazosimamia kompyuta nzima, nitataja jambo moja tu. Shughuli mbili zinapotumia data moja kwa wakati mmoja, mpangilio wa nani ametangulia unaweza kubadilika kila mara, na kosa likajitokeza mara moja kati ya maelfu. Tulisomeshwa kisa cha Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi ambayo kati ya 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa kadhaa kipimo kikubwa kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Sehemu ya chanzo ilikuwa kosa la aina hiyohiyo: mhudumu aliyezoea kibodi alihariri maelekezo haraka kuliko programu ilivyotarajia. Darasa lilikuwa kimya. Tulipewa pia Ariane 5, roketi iliyolipuka Juni 1996 chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa sababu namba ya biti 64 ililazimishwa iingie kwenye nafasi ya biti 16 isiyoitosha. Visa hivi viwili vilichukua saa mbili katika miaka minne yote. Saa mbili! Nililalamika wakati ule na nalalamika sasa. Mwanafunzi wa fani hii anatoka na uwezo wa kuandika programu zitakazoshika fedha, breki na dawa za watu, na somo la maadili linawekwa kama kipande cha kujazia ratiba.

Ninalotaka kulitetea zaidi ni somo la nadharia ya ukokotoaji, kwa sababu nililidharau. Mashine za kufikirika, utepe usio na mwisho, Alan Turing na makala yake ya mwaka 1936. Tulithibitisha kwamba haiwezekani kuandika programu moja itakayopokea programu nyingine yoyote, pamoja na data yake, na kukuambia bila kukosea kama hiyo itafika mwisho au itazunguka milele. Niliisoma kwa ajili ya mtihani tu.

Kisha siku moja kazini, kwenye kikao, tukaagizwa tutengeneze zana ya kukagua programu za mita kabla hazijatoka, itakayohakikisha kwamba hakuna programu itakayowahi kukwama. Ahadi ilikuwa inakaribia kutolewa kwa mteja. Niliomba nafasi nikaeleza, kwa lugha ya kawaida, kwamba zana ya namna hiyo kwa programu yoyote ile haiwezi kuwepo, na kwamba jambo hilo limethibitishwa, halisubiri mtu hodari zaidi. Tulichoweza kufanya ni kuweka mipaka: mizunguko yenye kikomo kinachojulikana, na ndani ya kifaa saa ya ulinzi inayokiwasha upya programu ikinyamaza kupita muda. Mpango huo ndio uliochukuliwa. Uthibitisho nilioukariri kwa usiku mmoja ulituokoa na miezi ya kutafuta kisichopatikana.

Sasa kifungashio, ambacho nimekwisha kukiita kibovu.

Mitihani ya kuandika programu kwa kalamu kwenye karatasi naiona ni kipimo cha kukariri alama za mkato. Hakuna anayefanya kazi hivyo. Waweke mtihani wa kusoma programu yenye kosa na kueleza kosa liko wapi na limetokana na nini. Hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku, nasi hatukufundishwa hata muhula mmoja. Kusaka hitilafu kwa utaratibu nilijifunzia kazini. Git, zana ya kutunza matoleo ya programu na kuunganisha kazi za watu wengi, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 na ambayo karibu kila timu ya programu inaitumia, haikutajwa darasani kwetu. Mradi wa kikundi tulikuwa tunatumiana mafaili yenye majina kama "ya mwisho", "ya mwisho kabisa", na usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mwenzetu mmoja akafuta sehemu yangu bila kujua. Tuliandika upya mpaka alfajiri. Simlaumu hata kidogo. Nawalaumu waliotupa mradi wa watu watano bila kutufundisha watu watano wanavyofanya kazi pamoja kwenye programu moja.

Vifaa navyo. Tulikuwa watu sita kwa osiloskopu moja. Mmoja anashika vitufe, wawili wanaona kioo, watatu wananakili. Mwaka wa tatu nilianza kufika maabara mapema kabla ya wengine ili nishike kifaa kwa mikono yangu, na yale niliyoyajua vizuri kuhusu umeme niliyajua katika saa hizo.

Somo la usalama wa mifumo lilikuwa la hiari, na liligongana kwenye ratiba na jingine la lazima. Kwangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kifaa chochote chenye redio kinaweza kusikilizwa na kudanganywa, na nilianza kazi bila kujua namna ya kuhifadhi ufunguo wa siri ndani yake.

Najua swali ambalo kila anayefikiria kozi hii analiuliza sasa: kama akili bandia inaandika programu, kuna haja gani ya kusota miaka minne? Nizungumze kwa nilichokiona. Mwaka huu niliiomba zana moja ya namna hiyo iniandikie sehemu ya kuzuia midundo ya swichi, ileile ya wiki ya nne. Ilinipa kitu safi, chenye maelezo mazuri, na kinachofanya kazi ukikijaribu mezani. Lakini kilisimamisha kichakataji kwa milisekunde 50 kikisubiri katikati ya ishara ya dharura, ile inayokatiza kazi ya kichakataji ili kishughulikie tukio papo hapo, mahali ambapo hutakiwi kusubiri kabisa. Kwenye mita halisi, kitu hicho kingemaliza betri mapema na kupoteza hesabu maji yakienda kasi. Niliona kosa kwa sababu niliwahi kukaa mbele ya kioo cha osiloskopu nikiangalia mdundo wenyewe. Zana hizo nazitumia, zimenipunguzia kazi ya kuchosha, na bado mwenye kutia saini kwamba mita iko sawa ni mimi.

Usichukue kozi hii kama unachotaka ni kutengeneza tovuti na kuanza kazi haraka. Kuna njia fupi zaidi na si za aibu. Usiichukue kwa sababu umeambiwa ina mishahara mizuri, maana muhula wa C na ule wa ishara na mawimbi utakukuta huna kitu kingine cha kukushikilia. Ichukue kama unapoona kifaa kimekwama unatamani kukifungua kabla ya kukizima na kukiwasha. Na kama hisabati inakuogopesha, nilipata 38 na niko hapa. Kinachohitajika ni kukubali kurudi kwenye jambo lilelile mara ya tatu na ya nne.

Kabla hujajiandikisha popote, omba kuona maabara siku ya kawaida ya masomo, si siku ya maonyesho. Hesabu wanafunzi kwa kila kifaa. Uliza maabara hufunguliwa saa ngapi na kama mwanafunzi anaruhusiwa kuingia nje ya kipindi. Uliza mradi wa mwisho unasimamiwa na nani, na mara ngapi kwa mwezi utaonana naye. Omba kusoma mtihani wa mwaka uliopita wa mifumo endeshi: kama maswali yote yanaanza na "taja" au "eleza maana ya", endelea kutafuta chuo kingine.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku nitakaposikia somo la usalama limekuwa la lazima.